Fimbo Tisa Juu ya Mahindi

Mahindi yakichanua hutoa harufu ambayo sijawahi kuipatia jina. Si tamu, si chungu. Ni kama unga ambao bado haujaamua kuwa unga. Mwaka huu ilinijia nikiwa nimesimama kwenye baraza ya nyumba ya mama yangu, kijijini Yamumbi, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Nilishangaa inatoka wapi, maana mashamba karibu yote yamekatwa ploti, na palipokuwa na mistari ya mahindi siku hizi pana mageti meusi na matangi ya maji. Kisha nikaona. Jirani mmoja ambaye bado hajaanza kujenga amepanda mahindi kwenye ploti yake yote, kona hadi kona, na yamenizidi urefu. Nilijikuta nimeishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye mtoto wa kumpeleka shule, moyo ukinidunda kama wa mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analijua na hawezi kulitamka.

Nilikuwa darasa la tano, na rafiki yangu alikuwa Nafula. Yeye na mama yake walikuwa wapangaji wetu, chumba kimoja cha mabati kilichopakana na jikoni ya Shosho, bibi yangu. Mama Nafula alifua nguo za watu mchana na kuuza mboga za sukuma jioni. Wao walikuwa wametoka upande wa Bungoma, sisi watu wetu walitoka Nyeri, na watu wazima waliujua umbali huo na kuupima kila walipoongea. Sisi wawili tulijua tu kwamba ugali wa kwao ulishibisha zaidi na chai ya kwetu ilikuwa na maziwa mengi, kwa hiyo tulikula kwao na kunywa kwetu.

Siku moja ya sikukuu tulipelekwa tauni, yaani mjini, kuona gwaride. Mbele ya askari walipita watoto wa rika letu, skafu shingoni, kamba kiunoni, fimbo ndefu mkononi. Sikumbuki hotuba hata moja. Nakumbuka jinsi umati ulivyogawanyika wale maskauti walipokaribia. Watu waliwapisha! Sisi watoto wa Yamumbi ndio tuliokuwa tukipisha kila kitu: ng'ombe, malori ya mawe, wanaume wenye maziwa kwenye baiskeli. Nafula alinishika kiwiko akakibana mpaka kikauma.

"Njeri," alisema, "sisi pia."

Yamumbi hapakuwa na maskauti. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kazi hiyo, Mwalimu Khaemba, karani wa yadi ya mbao kando ya barabara. Kazi yake ilikuwa kupima mbao na kuandika vipimo kwa penseli aliyoichomeka sikioni. Aliitwa Mwalimu kwa sababu zamani, mahali pengine, alikuwa amefundisha shule na kuongoza maskauti, kisha akaacha vyote viwili. Hakuna mtoto aliyejua kwa nini. Tuliambiwa hivyo na fundi wa viti, naye akatuonya, "Lakini huyo hawezi kubali. Msijisumbue."

Tulijisumbua. Jumamosi ya kwanza tulikuwa wanne kwenye geti la yadi.

"Skauti si watu wanne," Mwalimu alisema bila kuinua macho kwenye ubao aliokuwa akiupima.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tisa. Nafula ndiye aliyewakusanya, nyumba kwa nyumba, akiwatisha waoga na kuwabembeleza wenye kiburi.

"Barua za wazazi?" Mwalimu aliuliza.

Tukaleta barua. Mama Nafula alikataa kutia sahihi kwa siku tatu, Nafula akalia siku tatu.

"Fimbo je? Skauti hana fimbo ni mtu wa kutembea tu. Kila mtu fimbo yake, ndefu kuliko mimi. Tena iwe imenyooka."

Tukakata fimbo za mti wa mwakesi, tukazichuna maganda, tukazikausha juu ya mabati. Jumamosi ya sita tulisimama pale getini kama ua wa miti. Kiprop, kijana mrefu mwenye meno yaliyopishana, alikuwa ameipaka yake mafuta ya kupikia ing'ae.

"Nyinyi," Mwalimu alisema, "hamna kazi kwenu?"

"Tumemaliza, Mwalimu," Nafula alijibu.

Akatutazama. Na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jambo ambalo baadaye lilininyima usingizi. Macho yake yalipita kwetu mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, na midomo yake ikawa inacheza. Hakutoa sauti. Alipofika mwisho alirudi, kulia kwenda kushoto, midomo bado inacheza.

"Manze, anatulaani," Kiprop alininong'oneza.

Jioni nilimwambia Shosho. Alikuwa akipanga vikombe vya bati mezani, kama alivyofanya kila jioni. Shosho hakuwahi kutuhesabu. Nyumba ilikuwa na wajukuu wengi wa kuja na kuondoka, na alipotaka kujua kama wote tumeingia ndani alivihesabu vikombe vilivyotumika. Kikombe kikavu kilimaanisha mtoto yuko nje.

"Huyo anahesabu," alisema, mkono ukisimama juu ya kikombe. "Anahesabu watoto wa wenyewe, na macho."

"Ni vibaya?"

"Mtu hahesabiwi, Njeri. Ng'ombe hata, mwenye ng'ombe haziiti kwa nambari. Ukimhesabu mtoto, unaonyesha kile kitu kinachochukua watu kwamba hapa kuna wengi. Kinakuja kupunguza."

Sikumwuliza kitu hicho ni nini. Nililala nikiwa nimevuta blanketi mpaka kwenye nyusi.

Hata hivyo, Mwalimu alikubali. Nafikiri visingizio vilimwishia tu. Alisema tutajifunza kwanza, na mwisho tutatembea safari moja, mashambani, tuende na kurudi. Tukirudi salama, Jumamosi inayofuata tutaapishwa na kuvalishwa skafu. Skafu zilikuwa tayari. Fundi wa cherehani alikuwa amezishona tisa, za kijani zenye ukingo mweupe, na Mwalimu alizibeba ndani ya mfuko wa kitambaa kila tulipokutana. Hakuturuhusu kuzigusa. Nafula aliwahi kuingiza kidole kimoja ndani ya mfuko, akakaa siku nzima akikinusa.

Alikuwa mwalimu mkali asiyecheka. Mafundo, ishara, kuwasha moto kwa kiberiti kimoja. Lakini somo alilolirudia mpaka tukalichoka lilikuwa moja: "Ukipotea, kaa chini. Usinitafute. Mimi ndio nitakutafuta. Ukitembea, tunatafutana wawili na hakuna anayeonekana." Tena kila baada ya dakika chache alitusimamisha kwa mkono na midomo ikaanza kucheza, na mimi nikaangalia chini ili macho yake yasinipate. Niliamini kwamba hatupendi. Niliamini kwamba anatuhesabu kama mtu anayehesabu madeni, akingoja siku tutakapopungua aondokewe na mzigo.

Siku ya safari mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Kapseret tangu asubuhi. Mwalimu alitupanga mstari mbele ya yadi.

"Nataka mtu mmoja wa kunisaidia," alisema. "Awe kiongozi. Kazi yake ni moja tu: nikisema hesabu, anahesabu, ananiambia." Akanionyesha kwa penseli. "Njeri."

Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mtulivu, na watu wazima hudhani mtoto mtulivu anaangalia. Nilihisi shingo ya Nafula ikigeuka.

"Yaani," alisema Nafula Mwalimu alipotangulia, "mimi nizunguke nyumba za watu, nilie siku tatu, halafu wewe ndio mkubwa?"

"Si mimi nimejichagua."

"Si ukatae?"

Sikukataa. Nilitaka. Nilikuwa nimeshaona, kichwani mwangu, umati wa tauni ukigawanyika na mimi nikiwa mbele.

"Utahesabu na nini?" Nafula alisema. "Na vikombe vya Shosho wako?" Wawili watatu wakacheka. Akaniacha, akaenda kushika mkia wa mstari, na mimi nikaapa moyoni kwamba sitamtazama tena njiani. Kiapo hicho ndicho pekee nilichokitimiza.

Tuliingia mashambani. Mahindi yalikuwa yamechanua, marefu, njia ikiwa nyembamba kiasi kwamba majani yalitukwaruza pande zote mbili. Ukigeuka nyuma humwoni mtu wa tatu. Harufu ile ilikuwa kila mahali, na unga wa mbelewele ulitudondokea nyweleni. Lakini fimbo zilionekana. Zilitokeza juu ya mahindi, nyeupe kwa kuchunwa, zikiyumba kwa mwendo wa walioshika.

"Hesabu," Mwalimu aliita kutoka mbele.

Niligeuka. Sikuweza kuwahesabu. Nilimfikiria Shosho, mkono wake juu ya kikombe, na kile kitu kinachokuja kupunguza. Hapo nikaziona fimbo, na moyo ukatulia. Fimbo si watu. Moja, mbili, tatu. Pamoja na yangu, tisa.

"Tisa, Mwalimu."

Alirudi nyuma, akapita kando yetu, akatazama nyuso zetu, midomo ikicheza. Akatikisa kichwa kwamba sawa. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo: nikahesabu fimbo, naye akarudi kuhakikisha. Tukapita kando ya timbo, shimo kubwa ambamo watu wa ujenzi walikuwa wamechimba mawe miaka mingi, kisha wakaliacha, mvua ikalijaza. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyejua kina chake. Mwalimu alitupitisha mbali nalo, yeye mwenyewe akitembea upande wa maji. Nilimwona akipangusa jasho, ingawa palikuwa na baridi.

Tulipofika kwenye ua wa seng'enge, baada ya timbo, matone ya kwanza yakaanza kugonga majani.

"Hesabu, haraka."

Niligeuka. Fimbo zilikuwa zikiyumba juu ya mbelewele, na mbili zilikuwa karibu karibu. Tisa.

"Tisa, Mwalimu. Wote wako."

Alianza kurudi nyuma. Midomo ilifunguka. Kisha mvua ikazidi, akasimama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona kitu kama tabasamu.

"Sawa," alisema. "Nakuamini. Twende."

Tulitokea barabarani mbio, tukicheka, tumelowa. Mmoja mmoja waliibuka kutoka kwenye mahindi. Wa mwisho alikuwa Kiprop. Alikuwa na fimbo mbili.

Mwalimu aliziona kabla yangu.

"Kiprop. Hiyo ingine ni ya nani?"

"Ya Nafula. Alisema nimshikie, anaenda kususu."

"Lini?"

"Hapo nyuma tu."

"Nyuma wapi?"

"Kwa mahindi." Kiprop alianza kuogopa. "Nilifikiri ametupita."

Mwalimu alinigeukia. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na hakuyapangusa. "Njeri. Pale kwa seng'enge, ulipohesabu. Nafula alikuwa?"

Ningeweza kusema sijui. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba sasa najua rangi ya matope yaliyokuwa kwenye viatu vyake. Lakini nilikuwa kiongozi kwa saa mbili tu. Skafu zilikuwa kwenye mfuko begani mwake. Ikijulikana sikuhesabu watu, hakutakuwa na skafu, si yangu, si ya yeyote, na wote watajua ni kwa sababu yangu.

"Alikuwa," nilisema.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

Alituketisha ukingoni mwa barabara, akafungua kamba kiunoni mwake, akatupa sote tuishike. "Hakuna mtu anaachilia hii kamba. Hata mvua inyeshe mawe." Akarudi ndani ya mahindi, kwenye kipande kilichokuwa kati ya seng'enge na barabara. Kwa sababu mimi nilisema nilimwona kwenye seng'enge, basi alikuwa amepotelea upande huu wa seng'enge. Alitafuta pale nilipomtuma.

Tulimsikia akiita. "Nafula! Nafula!" Sauti ilikwenda kulia, ikarudi kushoto. Mahindi yalitikisika, yakatulia. Mvua ilikuwa inapiga kelele juu ya majani kama mtu anayepepeta mchele.

"Njeri," Kiprop alisema polepole, "lakini mimi alinipatia fimbo kabla ya seng'enge. Pale karibu na shimo."

"Nyamaza."

"Ninyamaze aje? Sasa wewe ulimwona aje kwa seng'enge?"

"Nimesema nyamaza!"

Alinyamaza. Ndivyo tulivyolelewa: kiongozi akisema nyamaza, unanyamaza. Nilishika kamba kwa nguvu mpaka nyuzi zake zikaingia kwenye vidole. Nilijiambia ataonekana tu. Atatoka sasa hivi, akiwa na hasira, atasema neno la kuniudhi. Nilijiambia hivyo mara tatu, na kila mara niliyaona maji ya rangi ya chai.

Halafu mwito ukabadilika.

"Simiyu!" Mwalimu alikuwa akiita ndani ya mahindi. Sauti haikuwa yake tena. Ilikuwa imepasuka katikati. "Simiyu! Simiyu!"

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyeitwa Simiyu.

Niliachilia kamba. Niliingia kwenye mahindi nikikimbilia sauti ile, majani yakinichana mashavu, na nilipomfikia sikuweza kusimama vizuri, nikamgonga kiunoni.

"Sikumwona," nilisema. "Nilihesabu fimbo. Kiprop alikuwa na mbili. Shosho anasema watu hawahesabiwi, kwa hivyo nilihesabu fimbo, Mwalimu, sikumwona, nilidanganya."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja.

"Mara ya mwisho uliona uso wake," alisema, "ilikuwa wapi?"

Sikuwa nimeuona uso wake tangu asubuhi. Hilo ndilo lililonifanya nilie. "Kiprop anasema ni kwa shimo."

Sijawahi kuona mtu mzima akikimbia namna ile. Hakufuata njia. Alikata mahindi kwa kifua, mabua yakivunjika, akaruka seng'enge na suruali ikararuka, nami nikatambaa chini ya waya. Tulipotoka upande wa pili, timbo lilikuwa mbele yetu, maji yakichemka kwa matone. Juu ya maji hapakuwa na kitu. Mwalimu alisimama ukingoni na kuanza kuvua viatu.

"Mwalimu!"

Ilikuwa sauti ya Nafula. Alikuwa ameketi chini, ng'ambo ya rundo la mawe, hatua nne tano kutoka kwenye maji, magoti kidevuni, jani la mahindi juu ya kichwa. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Nilikaa," Nafula alisema, meno yakigongana. "Nilitoka kwa mahindi nikakosa njia. Nilitaka kuwafuata kwa huku kwa maji, halafu nikakumbuka ulisema nikae. Nilikaa."

Mwalimu alimfikia akiwa na kiatu kimoja. Alivua koti amfunike, akajaribu kulifunga vifungo, na vidole havikumtii. Alijaribu kifungo kimoja mara nne. Mwishowe Nafula mwenyewe akakifunga.

Tuliwachukua wenzetu barabarani. Mwalimu alimpeleka kila mtoto mpaka mlangoni kwao. Sisi tulikuwa wa mwisho. Mama Nafula alikuwa jikoni kwetu, anaota moto pamoja na Mama na Shosho kusubiri mvua iishe. Alimwona mtoto wake ndani ya koti la mwanamume, akasimama.

"Mama Nafula," Mwalimu alisema, bado mlangoni, maji yakimchuruzika, "leo nimempoteza mtoto wako. Karibu saa nzima. Tumempata kwa ile timbo. Hajaumia. Ni mimi sikuhesabu."

Mama alimvuta Nafula kwenye moto. Mama Nafula hakumgusa mtoto kwanza, alimtazama Mwalimu.

"Kwa timbo," alisema.

"Ndiyo. Si mara yangu ya kwanza." Alisema hivyo kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. "Ile shule nilitoka, nilitoka kwa sababu hiyo. Kulikuwa na mtoto anaitwa Simiyu. Tulivuka mto. Niliambiwa wote wako, nikaamini. Hakurudi. Nikasema sitashika watoto wa watu tena, na hawa wakakuja kwa geti, wakakuja, wakakuja." Akashusha mfuko wa skafu begani, akaushika kwa mikono miwili. "Basi. Hakuna skauti tena. Nimekuja kuomba msamaha tu."

"Mtu kama wewe," Mama Nafula alisema, "hafai kupewa hata kuku kuchunga."

"Ni kweli, Mama."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya gunia la makaa. Midomo ile, kumbe. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja, kushoto kwenda kulia na kurudi, akihakikisha kwamba bado tupo. Na sasa alikuwa akiondoka na kosa langu, na alilibeba vizuri, hakuna aliyeona lina mwenyewe mwingine. Ningeweza kukaa pale nyuma ya makaa mpaka leo. Nafula alikuwa ananitazama juu ya ukingo wa blanketi. Sikujua kama anajua.

"Si yeye," nilisema.

Mama aligeuka. "Nini?"

"Si yeye amekosa. Mimi ndio niliambiwa nihesabu. Nilihesabu fimbo. Halafu akaniuliza kama nilimwona Nafula nikasema ndiyo, na sikuwa nimemwona. Ndiyo akamtafuta mahali si pale. Ni mimi."

Mama Nafula alikuja akainama mbele yangu mpaka nikaona mishipa ya macho yake.

"Fimbo," alisema. "Njeri. Fimbo ndio mtoto wangu?"

Nilitazama chini, kwenye gunia la makaa.

"Ni mimi nilimfundisha," Shosho alisema kutoka kwenye kigoda chake. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa ndogo. "Nilimwambia watu hawahesabiwi. Ukitaka kupiga mtu, mama, anza na mimi."

Mama Nafula alimgeukia Shosho. Kisha akashusha pumzi ndefu, akaketi chini sakafuni, hapo hapo alipokuwa, kama mzigo uliokatika kamba.

"Hata kwetu hawahesabiwi, Shosho," alisema. "Hata mama yangu alikataa. Lakini kwetu tunawaita majina. Jioni unasimama kwa mlango, unaita kila mtu na jina lake, na asipoitika unatoka." Akainua macho kwa Mwalimu. "Wewe nani atakukausha? Ingia ndani. Unaleta baridi."

Aliingia. Alikunywa chai akiwa amesimama. Hakuahidi lolote, naye Mama Nafula hakumwomba. Lakini alipotoka, mfuko wa skafu ulibaki kwenye benchi, na hakuna aliyekimbia kumwita arudi auchukue. Mama Nafula aliufungua, akazitoa skafu moja moja, akazianika juu ya kamba ya jikoni.

Nafula hakuniongelesha wiki nzima. Hakuwa na hasira ya kelele. Alipita tu, kama mtu anayepita kando ya mti. Shuleni alihamia dawati lingine. Nilikunywa chai peke yangu.

Jumamosi nilikwenda yadi nikiwa nimeshika skafu tisa zilizokunjwa, kwa sababu Mama Nafula alinituma nizirudishe. Nilidhani nitamkabidhi Mwalimu na kuondoka. Tulifika sita. Watatu wazazi wao walikuwa wamekataa, na sijawahi kuwalaumu. Nafula alikuwepo. Alisimama mwisho, fimbo mkononi.

Mwalimu alitoka, penseli sikioni. Alitutazama, na nikaiona midomo yake ikianza. Kisha akaifunga.

"Njeri," alisema. "Njoo mbele. Kabla hatujafanya kitu chochote, nataka kujua ni nani ako hapa. Usiniambie nambari."

Nilisogea mbele. Niliita jina la kwanza, nikamtazama usoni mpaka akaitika. Nikaita Kiprop, na meno yake yaliyopishana yakaniitikia, "Niko, mkubwa." Wakacheka kidogo. Niliendelea, jina kwa jina, uso kwa uso, nikijua ni nani anayengoja mwishoni.

"Nafula."

Hakujibu. Gari la mawe lilipita barabarani, likatufunika vumbi, likaenda. Alikuwa na mkwaruzo wa jani la mahindi kwenye shavu la kushoto, uliokuwa umeanza kupona. Alikuwa amesukwa upya. Jicho moja lilikuwa jekundu kidogo. Niliviona vyote hivyo, na sikuondoa macho.

"Nafula," niliita tena.

"Kwani hunioni?" alisema.

"Nakuona."

"Basi niko."